Kila Picha na Jani Lake

Picha ilikuwa moja tu, na ndani yake Mama Leokadia ameshika jani la muhogo lenye ugonjwa. Yasinta, binti wa jirani aliyemtunza miaka yake ya mwisho, alinitumia kwenye simu asubuhi ileile aliyonipa habari ya msiba, akaandika chini yake: "Shangazi, huna nyingine? Watu wanauliza kwa nini bibi kashika jani." Walitaka picha ya kuweka juu ya jeneza. Nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Muheza, chai imeshapoa, nikaikuza ile picha kwa vidole viwili mpaka uso ukageuka vidoadoa. Nikamjibu kwamba sina nyingine, na kwamba jani lile ni kosa langu mimi. Hakuuliza zaidi, kwa sababu mwenye msiba ana mengi ya kushughulikia. Mimi mstaafu sina la kushughulikia, basi nikabaki palepale na mwaka ule mmoja ukanirudia wote, pamoja na sehemu yake ambayo sijawahi kumsimulia mtu.

Nilipangiwa kazi Kibondo nikiwa na miaka ishirini na minne, bibi shamba mpya kutoka chuoni, na kijiji nilichopewa kilikuwa kando ya barabara ya kwenda Kasulu, mahali ambapo basi la asubuhi lilisimama iwapo tu mtu amepunga mkono. Mama Leokadia alikuwa mjane asiye na mtoto, mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vitatu, akanipa kimoja. Kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la mbao lisilofunga vizuri, na harufu ya moshi na asali, maana ukutani alining'iniza madumu ya asali ya marehemu mumewe. Baridi ya kule sikuitegemea kabisa. Jua likishuka nilivaa sweta mbili, nikajifunika na blanketi, nikasikiliza watu wakipita njiani wakiongea Kiha, wanacheka, wanaitana, na mimi sielewi ila jina langu la kazi, Bibi Shamba, likitajwa katikati ya maneno kama kokoto kwenye mchele. Mchana walinisemesha Kiswahili, taratibu na kwa adabu, kama unavyomsemesha mgeni unayetaka amalize shida yake aende. Hakuna aliyenitendea ubaya. Nilikuwa mpweke tu, na nilikuwa nadhani upweke ni ugonjwa wa watu wenye matatizo, kumbe unampata hata mtu mwenye mshahara.

Kamera zililetwa mwezi wangu wa tatu. Muhogo wa tarafa nzima ulikuwa umeingiliwa na batobato, majani yanajikunja na kupiga mabaka ya njano, na ofisi ya wilaya ikataka ushahidi wa kila shamba. Tukagawiwa kamera za kutumia mara moja, boksi la karatasi ngumu lenye ganda la plastiki ndani, na kijigurudumu cha kuzungusha kwa kidole gumba kila unapomaliza kupiga. Picha ishirini na saba, basi. Huweki filamu wala hutoi filamu. Zikiisha unaikabidhi kamera yenyewe, inapelekwa Kigoma mjini, huko wanaivunja na kutoa filamu, na wewe hurudishiwi hata ganda. Picha zilisafishwa nakala tatu. Moja mkuu wangu aliibandika kwenye taarifa, mbili alinirushia mezani nifanye ninavyojua. Alikuwa mtu wa haki lakini mkavu. "Ishirini na saba, majani ishirini na saba," alituambia siku ya kugawa. "Picha isiyo na jani si ya serikali, na nitakata jina la aliyeipiga."

Siku ya kwanza niliyoingia shambani na ile kamera, nikainama kupiga jani, nikasikia kimya kimetanda nyuma yangu. Nilipogeuka, mwenye shamba, mkewe, na watoto sita walikuwa wamejipanga mstari, wamesimama wima kama watu wanaosubiri sindano. Mama alikuwa amekimbia kubadili khanga. Sasa ungefanyaje? Nilichuma jani bovu nikampa mzee alishike kifuani, nikarudi hatua nne, nikapiga. Jani lipo, serikali imeridhika, na familia ina picha. Tangu siku hiyo sikupata shida tena ya kupewa njia shambani. Nilipiga mapacha waliobatizwa, kila mmoja na jani lake, kwa sababu kule pacha hawapewi kitu kimoja wakagombania. Nilipiga bwana harusi na bibi harusi, jani katikati yao. Nilimpiga katekista ameliweka jani juu ya kitabu cha nyimbo. Wengine niliwakata vichwa, maana tundu la kuchungulia halikuwa lile la kupigia na mimi sikulijua hilo mpaka picha zilipotoka. Nasikia mpaka leo, katika nyumba za kijiji kile, picha za kale za ukutani ni watu waliokunja uso juani, wameshika batobato. Wajukuu wanadhani ilikuwa mila.

Kamera ilinifungulia milango yote, lakini milango hiyo ilinifikisha uani tu. Nilipiga, wakashukuru, wakanipa ndizi au mayai, nikaondoka. Katika picha zote za mwaka ule mimi simo hata moja. Mahali pekee nilipoketi bila kazi ni jikoni kwa Mama Leokadia, kijumba cha nyasi nyuma ya nyumba, mafiga matatu na vigoda viwili vya miguu mifupi. Kimoja chake, kingine kilikuwa cha mumewe, na baada ya wiki kadhaa kikawa changu bila mtu kutamka neno. Alipika ugali wa muhogo, maharage ya mawese, siku njema dagaa. Hakuwa mwongeaji. Alikuwa ananisukumia bakuli kwa upande wa mkono, anasema, "Kula, mwanangu, wewe umekonda unaniaibisha," basi. Nilikuwa nashinda mchana kutwa nikingoja sentensi ile moja. Nawaambia ukweli, sijawahi kupenda chakula cha mtu namna ile.

Habari za dada yake nilizisikia kwa kupitia ukuta. Majirani wanawake walikuja Jumapili baada ya misa, wakakaa uani kupukuchua mahindi, na jina la Skolastika lilipotajwa Mama Leokadia aliingia ndani. Mmoja wao akanieleza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. Skolastika ni mdogo wake, wa tumbo moja, aliolewa ng'ambo ya mpaka, Burundi. Vita vilipokuja alivuka na mumewe na watoto, wakapita barabara hii hii, na badala ya kuingia kwa dada yake akapanda lori na wenzake mpaka kambini Mtabila, kule Kasulu, kwa sababu chakula cha watoto kilikuwa kule, na kadi ya mgawo hupewi ukiwa jikoni kwa ndugu. "Leokadia alikuwa amepika," alisema yule jirani. "Alisikia wamevuka, akapika, akangoja. Lori likapita." Miaka ilikuwa imekwenda na hawajatumiana hata salamu. Jioni ile Mama Leokadia alijua nimeambiwa, maana alisema bila kuulizwa, akichochea moto: "Mtu ana dada mwenye nyumba ya matofali, anakwenda kulala kwenye turubai. Mimi ni nani basi?"

Kisha redio ikaanza kutangaza kwamba watu wa Mtabila wanarudishwa kwao, kwa zamu, malori kwa malori. Alikuwa anaisikiliza kwa jirani huku amesimama mlangoni, hataki kuketi. Siku ya tatu au ya nne akanijia chumbani, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akaniambia nimpige picha apelekewe Skolastika kabla hajavuka. Hakutaka barua. Picha peke yake inatosha, imwonyeshe kwamba dada yupo, mzima, nyumba imesimama. Alivaa kitenge kipya cha njano na bluu, akajipaka mafuta mpaka mikononi, akasimama mbele ya mlango wa mbao wenye kufuli. Mimi nilikuwa nimebakiza picha moja kwenye kamera ile, na mkuu wangu mwezi uliotangulia alikuwa amenisimamisha mbele ya wenzangu kwa picha mbili zisizo na jani. Nikamwambia, "Mama, shika jani." Akanitazama. "Muhogo wangu hauumwi," akasema, na ilikuwa kweli, shamba lake lilikuwa safi kuliko yote kijijini, lilikuwa fahari yake. Nikatoa jani nililolitunza katikati ya daftari, la shamba la jirani, limejikunja, limepauka. "Ni la ofisi tu, mama. Hakuna atakayelitazama." Alilishika kwa vidole viwili, mbali na kitenge, kama mtu aliyeshikishwa nepi chafu, na uso wake ukaingia huzuni kidogo. Nikapiga.

Nakala zangu mbili zilipofika nikampa Mama Leokadia moja, nyingine nikaituma Kasulu kwa Mzee Bakari. Huyu alikuwa mtu wa Pangani mwenye duka la vitenge na sabuni, na kwa kuwa tulikuwa watu wa mkoa mmoja aliniita binti yake. Kila mtu aliyekuwa na ndugu Mtabila alipitishia salamu zake kwake. Wiki mbili baadaye, Jumatano jioni, utingo wa basi akatushushia ndoo yenye mfuniko uliofungwa kwa mpira. Ndani mlikuwa na unga wa mahindi, njegere za njano za mgawo, kopo la mafuta ya kupikia lililojaa nusu, na barua iliyoandikwa na mwalimu wa kambini. Nikaisoma kwa sauti, jikoni, huku Mama Leokadia ameishikilia ndoo kati ya magoti. Skolastika alikuwa amelia kuona picha. Alikuwa ameelewa. Dada kapoteza muhogo wote, kabaki na jani la kuonyesha, na kwa kuwa ana kiburi hawezi kuandika neno njaa, basi ameionyesha kwa mkono. Watoto wamekubali kupunguza chakula chao. Ameomba kibali cha kutoka kambini, atakuja Jumapili ya pili kutoka leo, na zamu yao ya kupanda lori ni baada ya hapo. "Vumilia dada yangu," mwalimu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa. "Nakuja na chochote."

Nilitaka kucheka, na pengine ningecheka ingekuwa habari ya mtu mwingine. Mama Leokadia aliweka ndoo chini pole pole. Sikuwa nimewahi kumwona na hasira. Ilimjia kimya, shingo ikasimama. "Mkimbizi ananilisha," alisema. "Mimi! Watoto wa Skolastika wananyimwa chakula kwa ajili yangu, na shamba langu lile pale!" Kisha akanitazama mimi, na nikainamisha macho. Akaniamuru nichukue karatasi. Maneno yake nayakumbuka yote kwa sababu niliyaandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri wa chuo: Sina njaa. Muhogo wangu ni mzima, jani ni la serikali. Ulipita mlangoni kwangu ukaenda kwenye turubai, baki hukohuko na mgawo wako. Usije. Akaweka dole gumba lililopakwa masizi badala ya sahihi, akaingia kulala bila kula.

Hapa ndipo ninapotakiwa kusema kweli, na miaka yote hii nimejifanya hamnazo. Kila mtu anajua barua ya hasira inalazwa. Hata mtoto anajua, unaiweka chini ya mto, asubuhi unaichana. Mimi nilidamka kabla hajaamka, nikaenda barabarani gizagiza, nikapunga basi, nikampa utingo ile bahasha. Sikuwa nimetumwa nifanye hima. Nilikuwa na wivu. Nilikuwa nimefikiria Skolastika anakuja, analia, anakumbatiwa, wanaongea Kiha chao usiku na mchana, na anaketi kwenye kile kigoda. Mtu mwenye kila kitu hawezi kuelewa jinsi mtu anavyoweza kupigania kigoda. Basi lilipoondoka nikarudi nikichuma majani njiani, nikajiambia nimetii mkubwa wangu.

Jioni ya Alhamisi hiyo nilimkuta amechemsha njegere za ndoo. Alikuwa ameonja, akawa anatafuna taratibu, machozi yanamtoka na hayapangusi. "Hazina ladha," akaniambia. "Maskini mdogo wangu, ndizo wanazokula hizi?" Akaonja tena. Halafu akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake, sauti ya msichana: "Ile barua iache, mwanangu. Usiipeleke. Ego, ndiyo, na aje. Nitampikia chakula cha watu." Nami nikasema, "Haya, mama." Maneno mawili. Nilikuwa naweza kusema imeshakwenda, angenigombeza, angeniamuru niandike nyingine, na basi lilipita kila siku. Karatasi nilikuwa nayo. Kalamu nilikuwa nayo. Mzee Bakari angeifikisha Mtabila siku ya gulio. Nilijiambia kesho, kisha ofisi ikaniita Kibondo, kisha nikajiambia pengine ile ya kwanza imepotea njiani, vitu hupotea. Kesho zilikuwa nyingi, nilizihesabu zote zikipita.

Kwetu Tanga tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli Mama Leokadia alipona. Alisiriba kuta za jikoni, akachoma nyasi za njiani, akaomba majirani mkeka mpana. Aliongea! Jioni alinisimulia Skolastika akiwa mdogo, alivyokuwa anaogopa kuku, walivyolala wawili chini ya ngozi moja, alivyolia siku ya harusi yake mpaka mkwe akataka kurudisha mahari. Wiki nzima nilisikiliza habari za mtu ambaye najua haji. Jumapili ilipofika alichinja jogoo, akaagiza migebuka mikavu, samaki wa ziwani, kutoka Kasulu, akaiunga kwa mawese na vitunguu vingi, akasonga ugali mweupe laini. Akatandika mkeka uani, akaweka sahani ya mgeni. Basi la kutoka Kasulu lilipita saa tisa, likapunguza mwendo kwenye kona, likaendelea. Akasema kibali kimechelewa. Jumapili iliyofuata akapika tena vilevile, isipokuwa jogoo hakuwapo tena, na safari hii alisimama barabarani mwenyewe, na kile kitenge cha njano na bluu, mpaka vumbi la basi likatulia. Alirudi akaniambia, "Kaa, chakula kisipoe."

Mwezi haukuisha Mzee Bakari akaleta habari kwa utingo kwamba sehemu ya akina Skolastika wamepanda malori, wamevuka. Mama Leokadia alikuwa akitwanga. Akaacha mchi ndani ya kinu, akauliza, "Hakusema kitu?" Utingo akasema hajui. Akachukua mchi, akaendelea kutwanga, na kitu alichosema kwangu kuhusu jambo hilo ni kimoja tu, siku nyingi baadaye: "Hakutaka. Basi." Hakunishuku kamwe. Nilihamishiwa Morogoro mwanzoni mwa mwaka uliofuata, nikaolewa, nikazaa, nikafiwa, na simu zilipofika kijijini tukawa tunaongea kila sikukuu, zangu na zake. Kila mara aliniuliza kama nimenenepa. Kila mara nilikuwa na ile sentensi mdomoni, na kila mara nilimpa habari za watoto wangu badala yake. Maji yakimwagika hayazoleki, nilikuwa najifariji hivyo, lakini mimi sikuwa hata nimejaribu kuyazoa.

Siku ya tatu ya msiba simu ya Yasinta iliita tena. Nilidhani ni habari ya mazishi. Akasema, "Shangazi, kuna bibi hapa anakutaka, katoka Burundi, kafika jana, tumeshazika." Nikasikia simu ikipokezana mikono, na nyuma yake vyombo vya msibani na wanawake wanaimba rozari. Kisha sauti ya mzee, nyembamba, Kiswahili cha ng'ambo.

"Ni wewe uliyekuwa unakaa kwa dada? Wa picha?"

"Ni mimi, mama mdogo. Pole sana."

"Nimepoa. Barua ile niliiweka. Uliandika vizuri." Akapumua. "Mimi sikukasirika. Nilisema, ni haki yake, kweli nilimpita. Akasema nisije, sikuja. Miaka yote nimetii. Sasa nimezeeka, nataka kujua tu. Alisema kweli, kwa mdomo wake?"

Hakuna aliyekuwa ananisikia barazani kwangu. Ningeweza kusema ndiyo, na ndiyo ingekuwa kweli pia.

"Jumatano alisema usije, mama mdogo. Alhamisi akasema uje. Ya Jumatano nilikuwa nimeshaituma. Ya Alhamisi sikuiandika."

Rozari ilifika mwisho wa fungu, likaanza jingine.

"Alinisubiri?"

"Alikusubiri. Jumapili mbili."

"Alipika?"

"Alipika. Jogoo, na migebuka kwa mawese. Alikutandikia mkeka."

"Eeh, Leokadia," alisema. "Nani alikula?"

"Nilikula mimi."